Hodhi la Gavana

Siku Conrad Isabirye alipoingia hoteli mpya ya Hemant kwa mara ya kwanza, hakuna aliyemwalika na hakuna aliyemzuia. Alikuwa na futi ya fundi mkononi. Hapa Jinja mtu mwenye futi haulizwi anakwenda wapi. Ukimuuliza anaweza kukupima na wewe. Akapita kwa mlinzi, akapima mlango mkubwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko, kisha akaingia ndani kunywa chai ya mafundi.

Hoteli yenyewe ilikaa ukingoni mwa ziwa kama bibi harusi aliyefika kabla ya wageni. Upande wa maji ni vioo vitupu. Ngazi ni za marumaru. Bwawa la kuogelea lilichimbwa hatua ishirini tu kutoka ziwani, maana watu wenye pesa hupenda kuangalia maji mengi wakiwa ndani ya machache. Ilikuwa imebaki wiki tatu ifunguliwe, na mwenyewe, Bwana Hemant, alikuwa hali wala halali.

"Ba, nina kila kitu," alikuwa akimwambia mama yake, Mama Sarla, mzee mfupi mwenye sari ya rangi ya maziwa na macho ya kuhesabu vijiko. "Nina mpishi wa kutoka Nairobi. Nina mashuka ya pamba ya Misri. Kitu kimoja tu sina. Uzee! Wenzetu wale wa ng'ambo wana picha ukutani za wageni wa zamani, waliokuja kwa treni na meli na masanduku ya ngozi. Mtalii wa pesa nyingi hataki kitu kipya, Ba. Kipya anacho kwao."

"Mimi mzee," akasema Mama Sarla. "Niweke kwenye kabati la kioo."

Conrad akakishusha kikombe polepole. Kuna watu wakisikia mtu analia hukimbia kumsaidia, na kuna wengine hukimbia kumuuzia leso. Huyu alikuwa wa leso.

"Bosi, samahani," akasema, akiwa ameinama kidogo kama mtu aliyeingia kanisani kwa kuchelewa. "Lile hodhi la Gavana, mmeshalipata, au bado linatafutwa?"

Hemant akageuka. "Hodhi gani?"

"Aa, basi, bosi. Nilidhani mnajua. Hayo ni mambo ya ofisi."

"Ofisi gani?"

"Ya mambo ya kale," akasema Conrad kwa sauti ya chini, na futi ile ya fundi ikawa chombo cha kitaalamu pale pale. "Mimi ni Daktari Conrad. Hodhi alilokuwa akiogea Gavana wa zamani, la chuma, lenye miguu ya simba. Wengi wanalitaka. Ila mimi huwa naangalia nani ana moyo."

Hemant akashika kifua, kuonyesha moyo ulipo.

Kufika jioni walikuwa wamekubaliana. Conrad alikataa pesa. Alisema pesa ingeichafua historia. Lakini kwa ajili ya kazi za utafiti, si angehitaji gari? Macho yake yalikuwa yamekwisha kuliona, Premio nyeupe ya Hemant, imeegeshwa kivulini ikimeta. Miaka kumi Conrad alikuwa akifanya kazi yake kwa bodaboda, akifika kwa watu na vumbi hadi magotini, na vumbi ni adui wa kuaminika. Angekuwa na Premio, angeacha kuwatafuta wajinga. Wangemfuata wenyewe.

"Atapewa," akasema Mama Sarla, "siku hodhi litakapojazwa maji ya moto mbele ya wageni, na mimi nikaona. Hodhi lisiloshika maji ni sufuria iliyotoboka."

"Maji ya moto, Mama, bila wasiwasi," akasema Conrad.

Kumbuka hayo maji ya moto.

*

Hodhi lilikuwapo kweli. Conrad alikuwa ameliona Mbale, kule Wanale chini ya jabali, msimu mmoja wa imbalu, ngoma za kutahiri vijana, alipokwenda kuwauzia watu miwani ya jua ya kutazamia sherehe. Lilikuwa nyuma ya nyumba ya Betty, chini ya mabati, refu kama mtumbwi, na miguu yake minne ya simba ilikuwa imekanyaga udongo kana kwamba iko tayari kuondoka.

Betty alichachushia ulezi ndani yake. Yeye ndiye aliyekuwa mpikaji wa malwa wa kikundi kiitwacho Umoja wa Mirija: wazee kumi wastaafu, wengi wao askari na polisi wa zamani, waliokaa kila jioni kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake mrefu, wakinywa pombe ya ulezi na kurudia vita ambavyo wengine hawakupigana. Mwenyekiti wao alikuwa Afande Yekosofati, bwana jela mstaafu. Katibu alikuwa Betty mwenyewe, mwanamke wa maneno machache, aliyeishia darasa la saba lakini aliyesoma kila karatasi kama vile analipia kila neno. Hodhi lilikuwa la kikundi, ila ada za watoto wake watatu zilitoka humo. Mwezi wa nane imbalu ingeanza tena, kila nyumba ingetaka malwa, na pasipo hodhi asingekuwa na pa kuchachushia hata kilo moja.

Basi Conrad alipofika amevaa tai na kusema serikali inataka kulionyesha hodhi kwa wiki mbili tu, kisha lirudi na cheti chenye mhuri, Betty aliendelea kupepeta.

"Mhuri?" akauliza Afande Yekosofati. Alikuwa amekaa na mihuri miaka thelathini, na tangu astaafu aliitamani. "Wa duara au wa pembe?"

"Wa duara, Afande. Na ndege katikati."

"Ndege," wazee wakanong'ona.

"Chombo cha kikundi hakitoki kwa mgeni," akasema Betty bila kuinua macho. "Kinatoka kwa mwanachama."

"Basi mniingize!" akasema Conrad. "Mimi ni mtu wa watu."

Wakamletea kigoda na mrija. Hapo lazima ukweli usemwe: Conrad alilelewa Jinja na shangazi mlokole ambaye, akiona mtungi wa malwa, alivuka barabara na kumziba mtoto pua. Hakuwahi kuonja. Akautia mrija mdomoni, akavimbisha mashavu, akafumba macho kwa utamu, akasema, "Aaa! Hii ndiyo yenyewe."

Betty alikuwa akiangalia mtungi. Mwanamume akinywa, povu hushuka. Pale kwa Conrad povu lilikuwa likipanda, likitoa mapovu madogo, blu blu blu. Mgeni alikuwa akipuliza.

Betty akainuka. Alileta daftari, akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kanuni zote kumi na mbili, polepole, kama mtoto anayesoma mbele ya mkaguzi. Ya tisa ilitungwa baada ya mzee mmoja kukodisha mitungi ya kikundi harusini na kula malipo peke yake. Ilisema: chombo cha kikundi kikitoka, chochote kitakachopatikana kwa chombo hicho ni cha kikundi, na mwanachama aliyekitoa atakitumikia kikundi hadi kikundi kiseme basi.

Conrad alikuwa akipima miguu ya simba kwa macho, akiona Premio.

"Umesikia, mwanachama?"

"Nimesikia, mama. Kanuni nzuri sana." Akatia sahihi. Kitambulisho chake cha taifa kikabaki kwa Mwenyekiti, ndivyo utaratibu ulivyo, na Conrad hakujali. Jamaa aliyefika Wanale kwa ajili ya hodhi hakuwa na nia ya kurudi Wanale kwa ajili ya kadi.

Betty akachukua brashi na ndoo ili alisugue hodhi lisafiri safi.

"Usiguse!" Conrad akaruka. "Mama, huo ukoko wa kahawia ndio historia. Tena, kama ungeweza kuongeza kidogo? Liwe na uzee zaidi?"

Betty akamtazama kwa mara ya kwanza, sawasawa, kuanzia viatu hadi tai. "Uzee zaidi?"

"Zaidi."

"Huko linakokwenda, watatia maji?"

"Mama, ni mahali pa heshima. Maji ya moto usiku na mchana."

"Ya moto," akasema Betty. "Haya."

Akaingia ndani, akatoka na beseni la ulezi uliokwisha kuchacha vizuri, akalisiriba hodhi kwa kiganja kama mtu anayesiriba nyumba ya bibi yake, tabaka juu ya tabaka, pembe zote, akaliacha jua likaushe. Likawa rangi ya chokoleti, na nyufa nyufa juu. Conrad alikaribia kutoa machozi. Alisema hata Gavana mwenyewe asingelitambua.

Mtoto yeyote wa Wanale angemwambia jambo moja: malwa iliyokauka haifi. Inalala. Kinachoiamsha ni maji ya moto.

Hodhi likapakiwa kwenye lori la Bogere, dereva wa Masese, aliyeleta mukene, wale dagaa wa ziwani, Mbale kila wiki. Conrad alilikodi lori hilo kwa sababu lilikuwa rahisi. Hakujua kwamba samaki wote wa jikoni kwa Betty, kwa miaka sita, walitoka kwa Bogere huyo huyo. Wiki iliyofuata Betty alinunua mukene vikombe vitatu badala ya viwili, akauliza kama vile hajali, "Mlishusha wapi lile la chuma?"

"Hoteli moja mpya, ziwani. Wanafungua Jumapili."

Betty akafunga mukene wake, akaenda kumwambia Mwenyekiti apige pasi kofia.

*

Jumapili ile hoteli ya Hemant, Nyota ya Ziwa, ilijaa. Walikuja mabosi wa viwanda na wake zao, wakaja wenye kampuni za utalii, na polisi wa kulinda wakasimama kila mlango. Hodhi liliwekwa katikati ya chumba cha ghali kuliko vyote, limezungushiwa kamba nyekundu, na maua ya waridi kando.

"Hapa," akasema Hemant, "aliogea Gavana."

Wageni wakashusha pumzi. Conrad alisimama pembeni amevaa miwani isiyo na kazi. Mama Sarla akafungua bomba kwa mkono wake mwenyewe.

Maji yakaingia, yakitoa mvuke. Kwanza yakawa kahawia, na Conrad akanong'ona, "Historia inayeyuka." Kisha kitu ndani ya hodhi kikaguna. Likapanda povu, nene, la rangi ya kikoi kilichofuliwa vibaya, likafika ukingoni, likaanza kushuka kwenye marumaru. Na harufu ikatoka. Ikajaza chumba, ikashika ngazi, ikaenda hadi getini.

Koplo mmoja mlangoni, kijana wa kutoka mji wa Kumi, akainua pua. "Afande," akamwambia mkubwa wake, "leo hapa kuna harusi au kuna matanga?"

Hemant alibaki mweupe kama mashuka yake. "Daktari! Hii nini?"

Sasa, Conrad alikuwa na kasoro nyingi, lakini ulimi wake haukuwahi kumwacha njiani. "Mabibi na mabwana!" akapaza sauti. "Ndiyo siri yenyewe! Gavana hakuwa akioga maji matupu. Kila Jumamosi, pombe ya ulezi! Ndiyo maana alikwenda kaburini na ngozi ya mtoto mchanga."

 Mama mmoja wa Kijerumani, mwenye kampuni ya kuleta watalii, akavuka kamba, akachovya kidole, akakiramba. "Kwetu," akasema, "watu hulipa sana kuoga kwenye bia. Lakini hii ina joto, ina harufu, ina hadithi! Jumamosi ijayo nina wageni wanane. Mnawapokea?"

"Tunawapokea!" akapiga kelele Hemant, damu ikirudi usoni, na kwa furaha ile akazitupa funguo za Premio. Conrad akazidaka hewani kwa mkono mmoja. Tangu azaliwe hakuwahi kudaka kitu kitamu vile.

"Na Jumamosi," akauliza Mama Sarla taratibu, "tutatia nini? Huu ukoko umekwisha."

"Maji ya moto, Mama."

"Maji ya moto peke yake ni maji ya moto."

Conrad akavua miwani yake isiyo na kazi, akaanza kuifuta. 

"Kuchachusha ni siku tano," sauti ikasema kutoka mlangoni. "Tukianza leo, Jumamosi wanaoga."

Ni Betty, amevaa gomesi ya kanisani. Nyuma yake Afande Yekosofati na kofia yake ya jela, na nyuma ya Afande wazee tisa kwa mstari mmoja, kila mmoja na mrija begani kama bunduki ya gwaride. Getini hawakuulizwa hata jina. Mtu mwenye mrija naye, panaponukia vile, haulizwi anakwenda wapi.

Conrad akamwendea mbio. "Mama Betty, tafadhali, hapa si mahali pa maneno."

"Kwani mahali pa mwanachama si mahali petu?"

"Kijana, simama wima," akasema Afande. "Mikono chini. Soma kanuni ya tisa, wasikie."

Conrad akasoma. Alipofika kwenye "chochote kitakachopatikana" akapunguza mwendo, na macho yote ya chumba yakaangukia funguo mkononi mwake.

"Nilitia sahihi bila kusoma," akasema.

"Nilikusomea," akasema Betty. "Ulikuwa unahesabu miguu ya hodhi. Ni minne."

Mama Sarla akacheka. Hemant alisema baadaye kwamba hakuwa amemsikia mama yake akicheka vile tangu bei ya sukari ilipopanda. Wanawake hao wawili wakakaa kwenye ukingo wa kitanda cha ghali, wakasahau kila mtu. Kufika saa ya chai walikuwa wamemaliza: hodhi ni la kikundi na litabaki la kikundi, hoteli inaliazima, Betty ataletewa Wanale pipa la chuma lisiloshika kutu, kubwa kuliko hodhi, kabla imbalu haijaanza, na kila Ijumaa ulezi uliochacha utaletwa Jinja.

"Na huyo Gavana?" akauliza Mama Sarla.

"Gavana hapana, Mama," akasema Afande Yekosofati kwa unyenyekevu. "Alikuwa mhandisi wa barabara. Baba yangu alimpashia maji. Alikuwa na majipu."

"Majipu tutayaacha," akasema Mama Sarla.

Betty akanyoosha kiganja, na Conrad akaziweka funguo humo, moja moja, kama mtu anayetoa meno. Betty akazigeuza geuza. "Katika kikundi hakuna anayejua kuendesha," akasema. "Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi shika." Akamrudishia. "Wewe ndiye dereva."

*

Hivyo ndivyo Conrad Isabirye alivyopata Premio. Kila Ijumaa aliketi nyuma ya usukani aliouota miaka kumi, na nyuma yake magunia ya ulezi uliochacha yakipumua shingoni mwake toka Wanale hadi ziwani. Akifika kuwatapeli watu mjini, walimnusa kwanza. Nani anamwamini daktari anayenuka malwa? Zaidi ya hayo, Premio ya Hemant nayo ilikuwa na siri yake: mshale wa mafuta ulikufa zamani, daima ukionyesha nusu, na Conrad aliuamini. Betty ndiye aliyejua kilichomo, kwa kuhesabu safari. Alimtilia ya kufika kituo kimoja cha mafuta njiani, barabara ya Tirinyi, ambako kikundi kilikuwa na mapatano ya kumwongezea yaliyobaki.

Alivumilia miezi miwili. Alichelewa mara tatu, akatozwa faini mara tatu, akajifunza kunywa badala ya kupuliza. Ijumaa moja Mwenyekiti alimrudishia kitambulisho chake mbele ya mtungi, akampigia saluti. Conrad aliona mambo mawili kwa pamoja: kitambulisho kiko mfukoni, mshale uko nusu. Alipotoka mjini Mbale hakuchukua barabara ya Tirinyi. Akachukua ya Tororo. Kutoka Tororo hadi mpakani ni karibu, na huko ng'ambo kuna watu wasiojua harufu ya Wanale.

Akapiga mluzi. Mashamba ya mahindi yakapita, migomba ikapita. Pale Busiu, katikati ya vibanda, Premio ikakohoa mara mbili, ikatembea hatua chache kwa heshima, ikasimama. Mshale ulikuwa nusu.

Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi kando ya barabara akafuta mikono kwenye leso, akaja dirishani.

"Wewe ndiye mwanachama Conrad? Mimi ni Nuriat. Dada Betty alisema kama si Ijumaa iliyopita, basi ni hii." Akainua chupa ya plastiki. "Amekuachia petroli."

Conrad akaitazama chupa, kisha akaangalia barabara ya Tororo, ndefu, tupu, inayong'aa. Mfukoni alikuwa na pesa ya mahindi mawili.

"Hiyo inafika Tororo?" akauliza.

"Haifiki. Alipima. Inafika Mbale, tena uende polepole."

Simu yake ikalia. "Mwanachama," ilisema sauti ya Betty, haina hasira, haina hata haraka, "ukigeuza sasa, wageni wa Jumamosi hawatajua. Faini ni ile ile ya kuchelewa. Na mahindi ya Nuriat ni matamu, niletee moja."

Conrad akanunua mawili. Akamimina petroli, kwa uangalifu, asimwage hata tone, akageuza gari.